Kivumbasi cha karibu na gereji

SWALI: Nachuma kivumbasi kilichojiotea nyuma ya gereji ya zamani, walipokuwa wakivunja betri za magari. Nikikiosha vizuri, kinafaa kwa chai?

JIBU: Hapana, tafadhali usikinywe, hata kama majani yananukia na kunawiri. Kuosha huondoa vumbi tu. Risasi, metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, ikishapanda kupitia mizizi imo ndani ya jani, na kuchemsha hakuiondoi. Asidi ya betri huzidisha ubaya, kwani udongo wenye pH ya chini, yaani wenye asidi, huachia risasi na kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) kwa wepesi. Kutia chokaa kwenye udongo hupunguza tu tatizo hilo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa kilo ya mmea mkavu ni miligramu 10 za risasi, 0.3 za kadimiamu. Ukipata eneo jingine, chota udongo sehemu 10, kina cha sentimita 20, changanya, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara.