Ukiambiwa Ndugu Yako Amekamatwa Ughaibuni

Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanangu wa pili anaishi Houston, Texas, na kila Jumapili baada ya ibada hunipigia simu. Sasa Jumapili mbili zimepita sijasikia sauti yake. Juzi kijana nisiyemfahamu alinipigia kwa namba ya hapa hapa Tanzania, akasema yeye ni msaidizi wa wakili, kwamba mwanangu amewekwa ndani, na kwamba nikituma shilingi milioni nne kwenye namba atakayonipa, mtoto atatoka kesho yake. Mjukuu wangu anasema majina ya waliokamatwa Marekani yapo wazi kwenye intaneti na yeyote anaweza kuyatafuta. Je, ni kweli? Nami nitamtafutaje nikiwa huku kijijini?

Mama mzazi, Kibosho, Moshi

JIBU: Pole sana, mama. Kabla ya yote, fedha hizo usizitume. Dhamana ya Marekani hulipwa kwenye jela yenyewe, mahakamani, au kupitia kampuni yenye leseni ya kudhamini watuhumiwa, ambayo kwa kawaida hutoza asilimia 10 ya kiasi kilichopangwa na haiirudishi. Hailipwi kwa kurushwa kwenye namba ya simu ya mtu aliyeko Tanzania. Kijana huyo akipiga tena, mwulize jina kamili la mwanao kama lilivyoandikwa jela, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la kaunti (eneo la utawala ndani ya jimbo) anakoshikiliwa, na namba aliyopewa alipoandikishwa. Anayeishughulikia kesi kweli anayo yote hayo mbele yake na hana sababu ya kukunyima. Tapeli atakuharakisha, atakuambia muda unakwisha, na pengine atampa simu mwenzake alie kwa sauti inayofanana na ya mwanao.

Mjukuu wako amesema kweli. Mtu akikamatwa Marekani hupelekwa jela, ambako huchukuliwa alama za vidole, hupigwa picha, hunyang'anywa simu na mkanda, kisha taarifa zake huingizwa kwenye daftari la jela. Katika majimbo mengi daftari hilo ni kumbukumbu ya umma, na ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, huliweka kwenye tovuti yake ili mtu yeyote alisome bila malipo. Wenyewe wana sababu yao: serikali ikiruhusiwa kumkamata mtu kimya kimya, ndugu zake hawatajua wamdai nani.

Ugumu ni kwamba hakuna daftari moja la nchi nzima. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na kwa kawaida kila kaunti ina sherifu wake, jela yake na tovuti yake. Sehemu kubwa ya Houston imo katika kaunti ya Harris, lakini pembe za jiji zimeingia Fort Bend na Montgomery, kwa hiyo mtu aliyesimamishwa barabarani pembezoni mwa jiji anaweza kuwa kwenye daftari ambalo hukulifikiria. Mjukuu wako aanze na Harris, kisha ahamie hizo nyingine mbili. Atumie tovuti ya sherifu mwenyewe, si zile tovuti za kibiashara zinazojitokeza juu kabisa ya matokeo ya utafutaji, zinazoonyesha jina nusu na kudai kadi ya benki ili zionyeshe lililobaki. Wanachouza huko ni nakala ya kitu kinachotolewa bure, na mara nyingi nakala hiyo imepitwa na wakati.

Hapa kwenye jina ndipo wengi wetu wa Kaskazini tunapokwama. Daftari la Marekani linataka jina la kwanza na la mwisho, nasi tuna majina matatu ambayo makarani huyapanga wanavyojua. Aliyeandikwa kwa jina la baba katika pasipoti anaweza kutokea kwa jina la babu katika leseni ya udereva. Massawe huandikwa Masawe, Kimaro akageuzwa Kimario, Mmasi akapoteza m moja, na jina lenye ng' huachwa bila alama yake. Mjukuu ajaribu kila namna, na pale tovuti inaporuhusu, aandike herufi chache za mwanzo tu. Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mtego wake, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi: aliyezaliwa tarehe 4 Novemba huandikwa 11/04, na ukiijaza kwa utaratibu wetu utaambiwa mtu huyo hayupo.

Kutomwona siku ya kwanza si hoja, kwa kuwa kuandikishwa huchukua saa kadhaa na tovuti nyingine huchelewa kusasishwa. Baada ya wiki mbili kuna maelezo mengine. Huenda hakukamatwa kabisa: simu imepotea, amelazwa hospitali, au amehama kazi. Huenda alikamatwa akaachiwa, na kuna jela zinazoonyesha waliomo leo tu. Huenda pia amehamishwa, na kwa asiye raia wa Marekani hili si la kupuuzwa. Alama za vidole zinazochukuliwa jela hufika pia kwa mamlaka za uhamiaji, na ICE, shirika la Marekani linalokamata na kushikilia wahamiaji, linaweza kuiomba jela imshikilie mtu hadi saa 48 zaidi baada ya muda wake wa kuachiwa, ili limchukue. Akishachukuliwa, jina hutoka kwenye daftari la kaunti na familia hudhani ameachiwa huru. ICE ina ukurasa wake wa kutafuta wanaoshikiliwa. Unahitaji namba yake ya uhamiaji yenye tarakimu tisa pamoja na nchi aliyozaliwa, au jina na nchi. Ukitumia jina, liwe sawasawa na lilivyoandikwa kwao, herufi kwa herufi. Kama aliwahi kukutumia picha ya kadi yake ya ukaazi, itafute kwenye simu yako, maana namba hiyo imo.

Wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi hukaa jela ya kaunti. Waliohukumiwa vifungo virefu huenda gereza la jimbo, ambalo lina tovuti nyingine. Walio katika magereza ya serikali kuu hutafutwa kwenye tovuti ya idara ya magereza ya shirikisho, yenye majina tangu mwaka 1982. Kwa wasomaji wenye ndugu katika majimbo mengine: Connecticut, Rhode Island, Delaware, Vermont, Alaska na Hawaii mfumo wa jela na magereza huendeshwa na jimbo lenyewe, hivyo anza huko. Upo pia mtandao unaoitwa VINELink, uliotokana na mfumo ulioanzishwa Kentucky mwaka 1994 ili wahanga wa uhalifu wajulishwe mshitakiwa anapoachiwa. Unakusanya taarifa za jela za majimbo mengi, na unaweza kujiandikisha upate ujumbe hali ya mtu inapobadilika.

Mama, una mlango mwingine ambao watu wetu wengi hawaujui. Chini ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kibalozi wa mwaka 1963, mgeni aliyekamatwa ana haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe. Kwa raia wa baadhi ya nchi, Tanzania ikiwamo, mamlaka za Marekani zinapaswa kuujulisha ubalozi hata kama yeye hakuomba. Kwa hiyo uandikie ubalozi wetu Washington, ukiambatisha nakala ya pasipoti yake ikiwa unayo, uulize kama umepokea taarifa yoyote. Ikiwa mwanao amekwisha kuchukua uraia wa Marekani, mlango huo haupo.

Mkimpata, someni kwa utulivu. Mtaona tarehe aliyoingia, kosa analotuhumiwa, kiasi cha dhamana na pengine picha. Kosa lililoandikwa hapo ni neno la askari aliyemkamata. Mwendesha mashitaka anaweza kulipunguza, kulibadilisha au kulifuta kabisa wiki inayofuata, na mabadiliko hayo yatakuwa kwenye kumbukumbu za karani wa mahakama, si kwa sherifu. Huko Texas aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, kwa hiyo baada ya wiki mbili kwa kawaida huwa pana namba ya kesi. Ichukueni namba hiyo, kwa sababu wakili ataiulizia kabla hajauliza kitu kingine.

Simu za ofisi pigeni jioni. Saa mbili usiku ya Moshi, Houston ni saa tano asubuhi au saa sita mchana, kutegemea majira yao. Mwanao hawezi kupokea simu akiwa ndani. Yeye ndiye hupiga, kwa akaunti iliyowekwa fedha au kwa gharama ya anayepigiwa, na simu za nje ya nchi mara nyingi hazipiti. Mtafuteni Mtanzania anayeishi huko aende kumwona.

SWALI: Ninaendesha kampuni ndogo ya utalii. Kijana wa Kimarekani ameomba kuja kujitolea kwetu miezi sita, akiongoza vikundi vya wanafunzi. Nilipotafuta jina lake nikakuta picha yake ya polisi kwenye tovuti moja, kukamatwa Florida, kosa la kupigana. Mke wangu anasema nimkatae mara moja, na rafiki yangu anataka niitume picha hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye kampuni ili wengine watahadhari. Nifanyeje?

Mwenye kampuni, Njiro, Arusha

JIBU: Picha usiitume, na uamuzi usiufanye bado. Florida ni miongoni mwa majimbo yenye sheria pana kabisa za kumbukumbu za umma, kiasi kwamba picha za waliokamatwa huchukuliwa na watu binafsi, hupangwa kwenye tovuti za biashara, na wapo waliokuwa wakiwadai wahusika fedha ili wazifute. Biashara hiyo ilichukiza hata Wamarekani wenyewe. California, kwa mfano, ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo kuanzia mwaka 2015. Tovuti za aina hii huweka siku ya kukamatwa, ila mwisho wa kesi hawauhitaji, kwa kuwa hauwaletei wasomaji.

Anza kwa kuhakikisha ni yeye, kwa tarehe ya kuzaliwa na si kwa sura. Kisha nenda kwenye tovuti ya karani wa mahakama wa kaunti hiyo, uangalie kama shitaka lilifunguliwa na liliishaje. Ukikuta lilifutwa, unachobaki nacho ni usiku mmoja wa mtu ambaye hakupatikana na hatia, na Katiba yetu wenyewe, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Ukikuta alitiwa hatiani, mwandikie umwulize. Jibu lake litakusaidia kuliko picha.

Kwa kuwa atakuwa na watoto, unayo haki ya kudai zaidi ya hayo. Mwombe alete muhtasari wa historia yake ya kukamatwa kutoka FBI, shirika la upelelezi la Marekani, unaotolewa kwa alama za vidole kwa ada ya dola 18, ambao mwenyewe huuomba na kukuletea. Hakuna majina ya kufanana hapo. Kila anayeomba kazi kwako adaiwe waraka huo huo, ili usije ukaonekana umemlenga mmoja. Nakala zake zifungie kabatini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa na wafanyakazi wachache, na picha ya mtu aliyekamatwa ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp huna namna ya kuirudisha. (Mke wako ana haki ya kuhofia watoto, namwunga mkono kwa hilo, si kwa haraka yake.)

SWALI: Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Alichukuliwa kwenye msako jana usiku na hatujui yuko kituo gani. Kwa nini sisi hatuna orodha kama hizo za Marekani?

Dada mtu, Sombetini, Arusha

JIBU: Kwetu taarifa hizo zimo kwenye vitabu vya kituo, kile cha matukio na kile cha mahabusu, na havipo mtandaoni. Kwa hiyo ni kwa miguu, dada. Anza na kituo cha karibu na alipochukuliwa, kisha Kituo Kikuu, kwa kuwa wanaokamatwa kwenye msako mara nyingi hukusanywa sehemu moja. Nenda na majina yake matatu na namba ya pikipiki. Askari wa zamu anaweza asikumbuke jina, lakini pikipiki iliyoegeshwa uani ataikumbuka. Ukijibiwa kwamba hayupo nawe una hakika yupo, omba kumwona mkuu wa kituo, na ukishindwa hapo, mkuu wa polisi wa wilaya.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari amwezeshe aliyekamatwa kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili anapoomba. Inamtaka pia mkuu wa kituo, ikiwa haitawezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, aichunguze kesi na kumwachia kwa dhamana endapo kosa si kubwa. Dhamana hiyo ni bure. Ukiombwa fedha ya dhamana kituoni, omba stakabadhi, nawe utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Saa 24 zikipita hujampata, nenda mahakamani asubuhi ukaulize kwa makarani orodha ya kesi za siku hiyo, na ukiambiwa alipelekwa rumande, ulizia gereza la Kisongo. Ukikwama kabisa, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha na msaada wake hauhitaji malipo. Beba kitambulisho chako cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa tangu safari ya kwanza, ili wakikubali kumtoa saa kumi na moja jioni usiambiwe urudi kesho.