Mama amekuwa mkimya tangu arudi Kinango

Dada yangu, pole sana. Umeuliza kama kijiji chaweza kumtia mama sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tangu alipohama Likoni, mjini Mombasa, kurudi Kinango, huko Kwale. Chaweza. Likoni alikaa barazani, kila apitaye akimjulia hali. Kule jirani yuko mbali, maji ni ya kufuata bwawani, na jua likichwa hakuna wa kuzungumza naye. Upweke huo, pamoja na hofu ya ukame, huulemea moyo. Mtafutie chama cha akina mama, na wajukuu wakashinde naye likizo. Lakini huzuni na kukosa usingizi vikizidi wiki 2, mpeleke hospitali. Ni ugonjwa, na unatibika. Akitamka kuwa amechoka kuishi, usingoje kuche: Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo, 1199.