Jibu: Hita ya bafuni imekufa tena, dukani wananizungusha

Pole sana dada. Hita imekufa mara ya tatu tangu uhamie Kisauni, hapa Mombasa, nao wimbo ni ule ule, "fundi yuko njiani." Mimi nilizungushwa hivyo miezi miwili, na watoto wadogo nyumbani.

Kwanza zima swichi kuu, na hita yenyewe usiiguse. Maji ya visima vyetu yana chumvi, nayo hula koili, ule waya wa ndani unaopasha maji moto. Ikitoboka, umeme unaingia majini. Ukishika bomba ukahisi mkono unakufa ganzi, hapo ni uhai wako, si maji moto tena. Fundi umeme akague na waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, maana nyumba nyingine za kupanga hazina.

Halafu muulize muuzaji: hii ni ya maji ya chumvi au matamu? Zipo aina mbili. Kama ulimwambia unatumia kisima akakupa ya maji matamu, kosa ni lake.

Simu acha. Andika barua, ambatisha nakala ya risiti, wape siku 7. Wakinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Mimi barua ilipofika tu, hita mpya ililetwa kesho yake.