Kabla ya kuuza kihamba kwa ajili ya dawa ya kinga

Baba yangu alipoanza kukojoa damu bila maumivu yoyote, zahanati ya jirani ilimtibu U.T.I. kwa miezi kadhaa, ikibadilisha antibiotiki moja hadi nyingine, na sisi watoto tukaridhika kwa sababu damu ilikuwa ikikata kisha inarudi. Naomba msomaji asirudie kosa letu: damu kwenye mkojo wa mtu mzima, hata ikionekana mara moja tu, ni sababu ya kumwona daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na kuangaliwa kibofu kwa kamera. Hatimaye alifanyiwa hivyo katika hospitali ya rufaa hapa Moshi; uvimbe ulikatwa kupitia njia ya mkojo na kinyama kikapelekwa maabara.

Majibu yakiwa bado hayajatoka, kaka yangu anayeishi Arusha alileta kwenye kikao cha familia habari za dawa mpya za kinga zinazotumika Marekani, yaani zinazoitumia kinga ya mwili kupambana na saratani, na likatolewa wazo la kuuza sehemu ya kihamba chetu, shamba la urithi la familia, cha Kibosho. Nililiunga mkono. Leo ningeuliza kwanza: dawa hiyo inalenga kitu gani, na je, kitu hicho kipo kwenye uvimbe wa mgonjwa wetu?

Kitu hicho huitwa antijeni, yaani alama, mara nyingi protini, ambayo kinga ya mwili inaweza kuitambua. Ugumu ni kwamba saratani hutokana na seli zetu wenyewe, hivyo alama inayofaa ni ile iliyojaa kwenye uvimbe na iliyo haba kwingineko. Katika saratani inayoanzia kwenye utando wa ndani wa kibofu, nektini-4 ni mojawapo. Dawa ya enfortumab vedotin ni kingamwili (protini inayonasa alama mahususi) iliyobebeshwa sumu, nayo huishika nektini-4 na kuiingiza sumu hiyo ndani ya seli. Lakini kwa kuwa alama hiyo ipo pia kwenye ngozi, wagonjwa wengi hutokwa na vipele, vingine vya hatari. Ilipotolewa pamoja na pembrolizumab, ambayo huizuia saratani isizime seli za kinga, utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 31.5, wakati kwa waliopewa kemotherapi ilikuwa miezi 16.1. Wagonjwa hao, hata hivyo, walikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa au isiyoweza tena kuondolewa kwa upasuaji.

Zipo pia alama ziitwazo MAGE-A3 na NY-ESO-1, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya hupatikana karibu kwenye korodani peke yake, lakini hujitokeza katika baadhi ya uvimbe wa kibofu. Ni rahisi kuona kwa nini watafiti wanazitamani. Hata hivyo, chanjo ya MAGE-A3 haikufaulu katika majaribio makubwa ya saratani ya mapafu, kwa hiyo mtu akikuahidi chanjo ya aina hiyo kwa malipo, usimpe fedha.

Majibu ya baba yalionyesha kuwa uvimbe haujafika kwenye msuli wa kibofu. Dawa iliyomfaa ilikuwa BCG, ileile chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga, ambayo Alvaro Morales wa Kanada aliripoti matumizi yake ndani ya kibofu mwaka 1976. Haihitaji kujua antijeni moja mahususi. Huamsha kinga palepale kwenye utando. Aliwekewa kwa mpira mara moja kwa wiki, wiki 6, akiizuia kwa saa 2 kila mara, na nyumbani tulimwaga jiki chooni baada ya kila haja ndogo kwa saa 6 za mwanzo.

Kihamba hakikuuzwa. Ukiwa na mgonjwa, dai majibu ya kinyama kwa maandishi, uulize saratani ni ya aina gani na imefika kina gani, kwa sababu ile inayohusishwa na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine. Kisha andika namba ya sampuli na uombe kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kitunzwe: ugonjwa ukisambaa baadaye, alama kama HER2, protini nyingine inayolengwa na dawa, inaweza kupimwa kutoka kwenye kipande hichohicho.