Jiwe la figo likiambatana na homa, msisubiri kukuche

Maumivu ya jiwe la figo hutisha kwa ukali wake, lakini tangu nilipomuuguza shangazi yangu naiogopa zaidi homa inayoandamana nayo. Jiwe likikwama katika mrija unaopeleka mkojo kibofuni, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Bakteria wakizaliana humo, figo huwa kama jipu lisilo na pa kutolea usaha, na maambukizi yakiingia katika damu huweza kuishusha presha ya mgonjwa ndani ya muda mfupi sana.

Kwa hiyo mwenye maumivu ya ubavuni yanayoshuka kuelekea kinenani, akianza kutetemeka kwa baridi, kupata homa, au kukosa mkojo kabisa, apelekwe hospitali usiku huohuo. Mjamzito na mtu mwenye figo moja wasingoje hata hiyo homa. Msimnyweshe maji mengi kwa nia ya kulisukuma jiwe, kwani hayalisukumi, na maumivu huweza kuzidi (maji yana kazi yake, ila ni baadaye, katika kuzuia mawe mengine). Diklofenaki, dawa ya maumivu, hutuliza vizuri, lakini huweza kuidhuru figo iliyokwisha kulemewa, hivyo daktari ndiye aamue.

Shangazi alipigwa ultrasaundi, akachukuliwa mkojo wa kuotesha bakteria maabara na damu ya kupima kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo), kisha akaanzishiwa antibayotiki za mshipa. Sisi ndugu tulitaka jiwe litolewe palepale. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo alikataa, akatueleza jambo ambalo ningependa kila familia ilijue: figo yenye maambukizi huzibuliwa kwanza, na jiwe hushughulikiwa maambukizi yakishatulia, kwa sababu kulichokonoa mapema huweza kusambaza bakteria mwilini. Kuzibua huko hufanywa kwa kupitisha mrija laini kutoka kibofuni hadi kwenye figo, au kwa kutoboa tundu dogo mgongoni na kuweka mpira unaotoa mkojo nje. Antibayotiki peke yake mara nyingi hazitoshi, hivyo kituo kisichoweza kuzibua kiombwe rufaa mapema, si baada ya kumaliza dozi.

Mrija wa ndani huweza kumfanya mgonjwa aende haja ndogo mara kwa mara na kuona damu kidogo. Ukisahaulika kwa miezi mingi, nao hujengeka mawe juu yake, basi tarehe ya kuutoa iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa kabla hamjaondoka wodini.