RAM haijachoka, luupu yako ndiyo inaruka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kompyuta mwaka wa pili, hapa Morogoro. Programu yangu ya C inajumlisha jedwali la namba 10,000 kwa 10,000. Nikienda mstari kwa mstari inamaliza upesi. Nikigeuza luupu (maagizo yanayojirudia) ziende safu kwa safu, juu kwenda chini, inachelewa mara kadhaa, na jibu ni lilelile. Fundi wa mtaani anasema RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, imechoka, ninunue nyingine. Ni kweli? Halafu, kama kashe, ile kumbukumbu ndogo ya prosesa, ina kasi sana, kwa nini RAM yote isitengenezwe kama kashe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo hela usiitoe. RAM mbovu inazimisha mashine au inakupa majibu ya ajabu. Haiwezi kuonea luupu moja ikaiacha nyingine.

Shida ni umbali. Prosesa ya gigahezi 3 inapiga midundo 3 kila nanosekunde. Kupata kitu kutoka RAM ni nanosekunde 80 hivi, kwa hiyo midundo zaidi ya 200 inapita prosesa ikisubiri. Kashe iko ndani ya prosesa yenyewe, na ile ya karibu kabisa inajibu kwa midundo minne au mitano. Wazo si geni: Maurice Wilkes wa Cambridge aliliandika mwaka 1965.

Sasa tazama luupu yako. Kwenye prosesa za Intel na AMD, kashe haivuti namba mojamoja, inavuta baiti 64 kwa mkupuo. Namba yako ni baiti 4, basi zinakuja 16 pamoja. C hupanga jedwali mstari baada ya mstari, hivyo ukifuata mstari zile 15 zinazofuata unazikuta mlangoni. Ukishuka kwa safu, kila hatua unaruka baiti 40,000: unavuta namba 16, unatumia moja, unaondoka. Ni kununua trei ya mayai, ukakaanga moja, mengine ukayaacha dukani. Mpaka uirudie safu ya pili umeshavuta baiti 640,000, na kashe ya karibu mara nyingi ni kilobaiti 32 au 48 tu. Zile za mwanzo zilishafukuzwa.

(Kwa lugha ya programu ya Fortran ingekuwa kinyume, yenyewe hupanga kwa safu.)

Kuhusu RAM yote kuwa kashe: bei na nafasi. Biti moja (0 au 1) ya kashe kwa kawaida inakula transista 6, yaani swichi ndogo za umeme. Ya RAM ni transista 1 na kapasita 1 ya kutunza chaji, ubunifu wa Robert Dennard wa IBM, na kwa kuwa kapasita huvuja, kwa kawaida hujazwa upya kila milisekunde 64. Mwaka 2022 AMD walipandisha kashe juu ya kashe kwenye prosesa yao ya Ryzen 7 5800X3D, wakafikisha megabaiti 96. Jedwali lako ni 400.

Ukihitaji jumla ya kila safu, beba safu 16 kwa pamoja: kwenye kila mstari chukua namba 16 jirani, ziongeze kwenye jumla 16 tofauti, ndipo ushuke mstari unaofuata.