Huruma Hufunzwa Wodini

Wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa wodini kwetu hapa Lamu huja na madaftari yaliyojaa maneno mazuri kuhusu utu wa mgonjwa. Wameyakariri na mtihani wameupita. Wape zamu ya asubuhi wodi ikiwa imejaa, uwasikie wakimtaja mgonjwa kwa ugonjwa na kitanda chake: "Ile presha ya kitanda cha tano imepimwa?"

Wenzangu mnaolea wanafunzi, tuache kuhubiri huruma. Tuisimamie kama tunavyosimamia sindano. Mimi huanza na jina. Kate Granger, daktari wa Uingereza aliyekuwa na saratani, alilazwa mwaka 2013 akaona wengi waliomhudumia hawakujitambulisha. Ndipo akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wataje majina yao. Kwetu huwezi hata kununua mkate bila salamu, sijui tukivaa sare inatupotelea wapi. Mwanafunzi wangu hamgusi mgonjwa kabla hajamsalimu, akataja jina lake na kueleza anachotaka kufanya. Akisahau, arudi mlangoni aanze upya.

Sitara pia. Mama wa buibui haambiwi "vua" mbele za watu: vuta pazia, funua pale tu unapopima.

Kazi kubwa iko kwenye dawa. Swali la "Umeelewa?" nimelipiga marufuku, maana hakuna bibi atakayekiri mbele ya kijana kwamba hakuelewa. Ataitikia, atie dawa mkobani, ateremke gatini kuwahi boti ya Faza. Karibu na Ramadhani nilisimama nyuma ya mwanafunzi akimruhusu bibi mmoja wa presha, nikamnong'oneza aulize vingine.

"Bibi, ukifika nyumbani dawa hizi utazimeza vipi?"

"Nitameza kichwa kikiniuma, mwanangu. Na mwezi ukiandama naziweka, nifunge kwanza."

Ikabidi kijana avute kiti. Alimweleza kwamba presha huweza kupanda bila kichwa kuuma, kisha akamwita daktari waangalie kama kufunga kunamfaa, na kama dawa zinaweza kupangiwa futari na daku. Mwenzangu akanung'unika kwamba foleni imesimama. Sawa, lakini bibi huyo akirejeshwa usiku amepooza upande mmoja, foleni itasimama kweli.

Nasi wasimamizi tujiangalie. Mwanafunzi anayefokewa mbele ya wagonjwa ndiye kesho atakayewafokea wao. Akikosea, mwite chumba cha dawa, funga mlango, mwambie huko.